Mashudu Yenye Mafuta: Tulivyojifunza Kutafuta Chanzo cha Tatizo Kazini

Katika viwanda vidogo vya kukamua alizeti vilivyotapakaa Dodoma na Singida, tatizo likizuka, kitu cha kwanza kusikika kikaoni huwa ni jina la mtu au la mashine. Meneja husema mashine imechoka, fundi husema mbegu za msimu huu ni mbovu, naye mhasibu humtazama mtunza ghala kwa jicho la pembeni. Baada ya saa nzima ya mabishano kila mmoja huondoka na imani ileile aliyokuja nayo, na hatua inayochukuliwa huwa ni ile aliyoipendekeza mwenye cheo kikubwa zaidi mezani. Mimi ninasimamia uzalishaji katika kiwanda kimoja cha aina hiyo upande wa Kizota, na tangu tulipoanza kufuata utaratibu maalumu wa kuchambua matatizo na kufanya maamuzi, nimebaini kwamba hatua yenye manufaa makubwa kuliko zote ndiyo inayotajwa kwa nadra katika semina.

Inayotajwa sana ni ile ya kuuliza "kwa nini" mara tano, iliyokuzwa katika viwanda vya Toyota nchini Japani. Taiichi Ohno, mmoja wa wahandisi waliojenga mfumo wa uzalishaji wa kampuni hiyo, alitoa mfano wa mashine iliyosimama: fyuzi iliungua kwa kuwa mashine ilizidiwa mzigo, ikazidiwa kwa kuwa beringi hazikupata kilainishi cha kutosha, kilainishi kikapungua kwa kuwa pampu haikuvuta vizuri, pampu haikuvuta kwa kuwa mhimili wake ulikuwa umelika, na mhimili ukalika kwa kuwa hapakuwa na chujio la kuzuia vumbi la chuma. Mfano huo ni mzuri. Hata hivyo, katika ofisi zetu swali hilo lina tabia ya kukomea kwa mtu wa chini: mafuta yamepungua kwa sababu kijana wa zamu hakuwa makini, kikao kinaridhika, barua ya onyo inaandikwa. Isitoshe, maswali hayo hufuata mstari mmoja tu, na ukianza na jibu la kwanza lililo potofu, yote yanayofuata yatakupeleka mbali kwa ufasaha mkubwa.

Kilichotufaa sisi ni kazi inayotangulia maswali hayo, yaani kulieleza tatizo kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kutaja chanzo chake. Njia tuliyoifuata inatokana na kazi ya Wamarekani wawili, Charles Kepner na Benjamin Tregoe, ambao baada ya kufanya kazi katika shirika la utafiti la RAND walianzisha kampuni yao ya mafunzo mwaka 1958. Wanataka uandike tatizo ni lipi, liko wapi, hutokea lini na lina ukubwa gani. Kisha, katika safu ya pili, uandike mahali na wakati ambapo lingetarajiwa kuwapo lakini halipo.

Kwetu mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa, yalikuwa yakitoka yakiwa bado na mafuta, kiasi kwamba ukiyafinya kiganjani yanakuachia utelezi. Tulipoanza kujaza safu zile mbili kwa kutumia daftari la zamu, maelezo tuliyoyazoea yalianguka moja baada ya jingine. Tatizo lilikuwa katika mashine zote mbili, kwa hiyo hoja ya mashine moja kuchoka haikusimama. Lilionekana asubuhi, lakini mchana halikuwapo ingawa magunia yalitoka katika rundo lilelile, kwa hiyo si mbegu. Lilizidi wakati wa kipupwe. Na siku ambazo mashine zilikesha zikifanya kazi, asubuhi yake mashudu yalikuwa makavu kama kawaida. Mashine ya skrubu hukamua vizuri ikishapata joto, nasi tulikuwa tukiijaza mbegu kwa kasi kamili ingali baridi.

Hapo ndipo "kwa nini" ilipopata kazi yake: kwa nini tuliijaza kwa kasi mashine iliyo baridi? Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila mjumbe aandike maoni yake kwenye karatasi kabla ya mtu yeyote kuzungumza, na mwenyekiti awe wa mwisho kusema. Bila kanuni hiyo, binti anayepima magunia mlangoni asingethubutu kutangulia mbele ya wazee wa kazi. Karatasi yake ilisema kwamba posho ya zamu huhesabiwa kwa magunia yaliyoingia, si kwa lita zilizotoka. Nilipomwuliza mzee anayeendesha mashine ya kwanza, alinijibu bila kukunja uso: "Mimi niliambiwa gunia, mwanangu. Lita sikuambiwa."

Katika kufanya uamuzi tulitenganisha masharti ya lazima na mambo tunayoyapenda tu. Ununuzi wa mtambo wa kupasha mbegu joto ulikwama kwenye sharti la lazima la bajeti, hivyo hatukupoteza muda kuupa alama. Zilibaki njia mbili, kuanza zamu mapema kwa mbegu kidogo na kubadili hesabu ya posho, nasi tukazichukua zote. Ninawaonya wenzangu kuhusu majedwali ya alama, ambamo kila chaguo hupewa alama kwa kila kigezo kulingana na uzito wa kigezo hicho: mtu mwenye chaguo lake moyoni huchezea uzito wa vigezo mpaka chaguo hilo lishinde, kwa hiyo uzito ukubaliwe na kusainiwa kabla chaguo lolote halijatajwa. Mambo madogo, kama duka la kununulia karatasi, hayastahili jedwali lolote.

Kabla ya kuanza tulitumia zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilieleza mwaka 2007, la kuchukulia kwamba mpango umekwisha kushindwa na kila mtu aeleze umeshindwaje. Fundi wa chujio aliandika kwamba mafuta yatapimwa kabla ya kuchujwa, na mashapo yatalipiwa posho kama mafuta. Kwa sababu hiyo kila zamu sasa ina pipa lake, na kipimo huchukuliwa baada ya mafuta kutulia usiku kucha na kuchujwa. Linalobaki ni zamu ya Jumatatu asubuhi, ambayo huzikuta mashine zimelala siku nzima na hupata lita pungufu hata ikifuata utaratibu wote. Uzito wa vigezo vya suala hilo umeshasainiwa, na chaguo zitatajwa katika kikao kijacho.