Mchoro ulionipeleka kwenye mlango wa gari

Asubuhi moja nikielekea kazini, mlango wa gari lililoegeshwa ulifunguka mbele ya tairi langu. Nilibana breki zote mbili, baiskeli ikaserereka, bega likagonga ukingo wa mlango. Mwenye gari alishuka akitetemeka kunizidi mimi. Nilipotazama chini, nilikuwa nimesimama juu ya mchoro wa baiskeli uliopakwa rangi barabarani, ule wenye alama mbili za ncha ya mshale. Nilikuwa palepale nilipoelekezwa kupita.

Mchoro ule si njia ya baiskeli. Njia ya baiskeli ina mstari wake, na eneo lake limetengwa. Mchoro unasema tu kwamba barabara ni yetu sote, kisha unamwonyesha mwendesha baiskeli apite wapi. Basi ukikaa pabaya, unafundisha vibaya.

Wazo lake lilizaliwa Denver, Marekani, mwaka 1993, na James Mackay ndiye aliyelibuni. Mwongozo wa kitaifa wa alama za barabarani wa nchi hiyo uliupokea mwaka 2009, ukataka kwamba penye magari yaliyoegeshwa sambamba na barabara, katikati ya mchoro pawe angalau mita 3.4 kutoka ukingoni mwa barabara. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi. Gari huchukua kama mita 2, mlango uliofunguliwa karibu mita 1 zaidi. Usukani wangu una upana wa sentimita 60, kwa hiyo nikipita katikati ya mchoro, ncha ya usukani inaukwepa mlango kwa sentimita 10 hivi. Kiasi hicho ni kidogo mno, na bado ndicho kilichokuwa kiwango cha chini katika mwongozo ule wa 2009.

Alfajiri ya Jumapili nilirudi na futi kamba. Mchoro wangu ulikuwa mita 2.5 kutoka ukingoni.

Nimewaandikia wahusika wausogeze hadi katikati ya njia ya magari. Kwenye barabara za mwendo kasi sitaki mchoro kabisa. Pale nataka njia iliyokingwa kwa zege, maana rangi haizuii gari.

Juzi nilimkuta mama amembeba mtoto kwenye kiti cha nyuma, akiifuata michoro ileile, milango ikiwa karibu na goti lake. Nikamwita, "Dada, sogea katikati, milango hiyo!" Akasogea. Gari la nyuma likapunguza mwendo, likatufuata polepole hadi kona.