Ikoni ya Betri Kule Mwaloni

Mwaka 2014 nilikuwa nikitunza kompyuta ya mfanyabiashara mmoja wa dagaa, ambaye ofisi yake ya chumba kimoja ilikuwa Kirumba, Mwanza, karibu sana na soko la Mwaloni, kiasi kwamba hata kibodi ilinuka dagaa. Kompyuta yenyewe ilikuwa mpakato mkuukuu wenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, na kwa sababu hiyo niliiwekea Linux pamoja na dwm, programu ya kupanga madirisha ambayo, badala ya kuyaacha yalundikane ovyo, huyagawia skrini yenyewe bila kumsubiri mtu ayaburute. Nyumbani kwangu Mabatini niliizoea dwm kwa miaka kadhaa na nilijivunia kwamba sikuhitaji kugusa kipanya. Walioibuni walijiwekea sharti kwamba msimbo wake usizidi mistari 2,000, nami nililishika sharti hilo kana kwamba nililitunga mwenyewe.

Aliyeitumia kila siku, hata hivyo, alikuwa mhasibu, mama wa makamo ambaye kabla ya hapo aliandika hesabu za magunia katika madaftari makubwa. Kwa kuwa skrini ilikuwa ndogo, nilichagua mpangilio ambao dirisha moja hujaza nafasi yote na mengine hukaa nyuma yake. Mwambaa wa juu ulionyesha namba za kurasa za kazi na jina la dirisha lililo mbele tu, kwa hiyo jedwali likifunikwa na kivinjari, kwake lilikuwa limepotea.

“Mwanangu, hesabu yangu umeipeleka wapi?” aliniuliza kwa simu.

“Shikamoo mama. Bonyeza Alt na herufi J, itarudi.”

Aliitikia marahaba, akashukuru, kisha (jambo nililoligundua baadaye) akaanza jedwali jipya. Mwisho wa wiki magunia ya Jumatatu yalikuwa katika faili moja, ya Jumatano katika nyingine, na mimi bado niliamini kwamba tatizo ni kutozoea.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, wakati mwezi haupo, na siku hizo ndizo ofisi kama ile huwa na pilikapilika kuliko zote. Asubuhi moja ya namna hiyo umeme ulikatika. Mpakato uliendelea kwa betri kimyakimya, kwa sababu programu ya kuonyesha chaji haikuwa na mahali pa kuweka ikoni yake, na baada ya muda usiotimia saa moja ukazima pamoja na maandishi yote ya asubuhi. Nilipofika, mama hakunigombeza. Alikuwa ametoa daftari lake la zamani kwenye mtoto wa meza na alikuwa akiandika kwa kalamu, na hilo liliniuma kuliko ambavyo ningegombezwa.

Niliamua kuongeza vitu viwili kwenye mwambaa: orodha ya madirisha yote, na trei, yaani sehemu ya pembeni ya kuwekea ikoni ndogo kama ya betri. Orodha ilinichukua jioni mbili tu. Tayari dwm huyaweka madirisha yake katika mnyororo mmoja, kwa hiyo niligawanya upana uliobaki wa mwambaa kwa idadi ya madirisha yaliyomo, nikaandika jina la kila moja katika sehemu yake, kisha nikapima mahali kipanya kilipobonyezwa ili kujua ni dirisha gani liletwe mbele. Kwa upande wa trei, walikuwapo waliokwisha kuandika viraka, yaani vipande vya msimbo vya kubandika kwenye dwm, vya kuiongeza, lakini mimi nilikuwa nimeichokonoa programu yangu kiasi kwamba hakuna kiraka kilichokaa sawasawa.

Ikoni hizo za pembeni hazichorwi na mwambaa. Kila moja ni dirisha la programu nyingine, linalopandikizwa ndani ya dirisha la trei kwa utaratibu uitwao XEMBED. Anayetaka kuwa trei hujitwalia kwenye seva ya X (programu inayosimamia skrini na madirisha yote) cheo kiitwacho _NET_SYSTEM_TRAY_S0, ambacho hushikwa na mmoja tu kwa wakati. Programu yenye ikoni humtafuta mwenye cheo na kumtumia ombi la kupokewa, naye hulichukua dirisha lile na kuliweka ndani ya lake. Kuna pia daftari la kuokoa, ambamo trei huyaandikisha madirisha ya wageni ili yenyewe ikifa yasife pamoja nayo. Nililitumia, na mara ya kwanza nilipoianzisha upya dwm nyumbani, ikoni ya betri iliyookolewa ilichukuliwa kuwa dirisha la kawaida na kupewa nusu ya skrini. Nilicheka peke yangu usiku ule, kisha nikaongeza ukaguzi wa kulikataa kila dirisha lenye alama ya _XEMBED_INFO, ambayo hubebwa na madirisha ya kupandikizwa.

Kosa lililonitesa lilikuwa jingine. Nilipoiwasha programu ya modemu kwa mkono, ikoni yake ilitokea mahali pake. Lakini kompyuta ilipowashwa upya, ya betri haikuonekana kabisa, na betri ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Nilichelewa kuona kwamba katika faili la kuanzishia, programu ya betri ilitangulia kuwaka kabla ya dwm. Programu iliyotangulia haimkuti mwenye cheo, hivyo hungoja tangazo la MANAGER, ambalo trei hulituma kwenye dirisha la mzizi, lile la chini kabisa linalobeba mengine yote, mara tu inaposhika cheo. Tangazo mimi nilikuwa nikilituma. Usiku wa tisa au wa kumi niliusoma upya mstari wenyewe na kuona kwamba pale panapotajwa aina ya wasikilizaji nilikuwa nimeandika sifuri. Ukiandika sifuri, seva humpelekea ujumbe aliyeliunda dirisha hilo, na dirisha la mzizi halikuundwa na programu yoyote. Kwa siku zote hizo nilikuwa mnadi anayeita wanunuzi akiwa amesimama nyuma ya ghala. Nilibadilisha sifuri kuwa StructureNotifyMask, jina la kundi la wasikilizaji wanaongoja tangazo hilo, nikawasha upya, na ikoni ya betri ikatokea kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi.

Msimbo ulikuwa umevuka mistari 2,000, na sikupunguza hata mmoja.

Jumatatu nilimwekea mama toleo jipya nikakaa kwenye benchi bila kumwelekeza. Alifungua jedwali, akafungua kivinjari juu yake, akatazama juu, akaona majina mawili yamekaa bega kwa bega. Alibonyeza la kwanza.

“Kumbe ilikuwa humuhumu,” alisema, na hakuniangalia.

Wiki chache baadaye alinipigia simu umeme ukiwa umekatika. Nilianza kumweleza namna ya kuhifadhi, akanikatiza kwamba ameshahifadhi na kuizima tangu ile betri ndogo ilipobaki robo. Alichotaka kujua ni kama ninaweza kuikuza kidogo, maana miwani ameisahau nyumbani.