Jinsi nilivyopata nyongeza ya mke wangu kwenye malipo ya ulemavu wa jeshi

Nilitumikia jeshi la Marekani, na kiwango changu cha ulemavu ni zaidi ya asilimia 30, kiwango cha chini kinachomruhusu mtu kulipwa nyongeza kwa ajili ya mwenzi na watoto. Tulifunga ndoa Lubumbashi. Nikajaza mtandaoni fomu 21-686c, ile ya kuomba mwenzi au mtoto aongezwe, ya idara ya serikali inayolipa wanajeshi wastaafu (VA), nikaambatisha cheti cha ndoa, kisha kimya. Kila nikipiga simu naambiwa "linashughulikiwa", jibu ambalo hata kasuku angelitoa bila mshahara.

Kilichonisaidia ni mwakilishi wa chama cha wanajeshi wastaafu, mwenye kibali cha kushughulikia madai. Hawa hawatozi kitu. Nilimsainia fomu ya uwakilishi, akafungua faili langu, akaona limekwama kwenye cheti cha Kifaransa: lilikuwa likisubiri mtu wa kukisoma cheti hicho, na hakuna aliyeniambia. Tukapeleka tafsiri ya Kiingereza yenye saini ya mfasiri.

Bado likasuasua. Hapo nikaandikia ofisi ya mbunge wa jimbo letu katika Bunge la Marekani. Wana wafanyakazi wa kufuatilia kero za wananchi kwenye idara za serikali, ila sharti usaini kwanza ridhaa ya kuwaruhusu waone taarifa zako. Barua ya mbunge hujibiwa, sijui kwa nini yangu haikustahili.

Nyongeza ikaja pamoja na malimbikizo. Dai likipelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa, hesabu huanzia tarehe ya ndoa, kwa hiyo usingoje nyaraka zote zikamilike ndipo uombe.