Mkanda mweusi niliouvaa mara mbili

Cheti changu cha dani ya kwanza ya karate, daraja la kwanza la mkanda mweusi, kilikuwa na mhuri mwekundu na maandishi ya Kijapani. Kilikaa ukutani miaka mitatu. Nilipohamia dojo nyingine, yaani ukumbi mwingine wa mazoezi, sensei (mwalimu) mpya alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma taratibu, kisha akauliza, "Namba ya usajili iko wapi?"

Haikuwepo. Palikuwa na sahihi moja tu, ya mkuu wa chama chetu cha zamani, ambacho kumbe kilishajitenga na chama mama na sisi wanafunzi hatukuambiwa. Iliniuma sana. Jasho nililomwaga lilikuwa la kweli.

Nilikiandikia chama kile, hakikujibu. Nikaanza kufuatilia mwenyewe nani anatambua nini. Nilidhani karate ni kama judo, iliyoanzishwa na mtu mmoja, Kano Jigoro, alipofungua Kodokan mwaka 1882, na ambayo mashindano yake ya dunia yako chini ya shirikisho moja, IJF (Shirikisho la Kimataifa la Judo), lililoundwa 1951. Karate haina shina moja. Kuna mitindo ya Shotokan, Goju-ryu, Shito-ryu, Wado-ryu na nyinginezo, na Shotokan yenyewe ina vyama vingi, hasa tangu mwanzilishi wake, Funakoshi Gichin, alipofariki mwaka 1957.

WKF, Shirikisho la Karate la Dunia, ndilo linalotambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na kanuni zake ndizo zilizotumika karate ilipochezwa Tokyo mwaka 2021. Nilikuwa nashika leseni yangu ya mashindano nikidhani inathibitisha na dani yangu. Kumbe ni mambo mawili. Leseni iliniruhusu kuingia ulingoni. Daraja la Shotokan nilipaswa kulipata kwenye chama cha mtindo wenyewe. Kwa dojo yetu mpya chama hicho ni JKA (Chama cha Karate cha Japani), kilichoanzishwa 1949.

"Sensei, sasa nifanyeje?"

"Vaa mkanda wa kahawia, tufanye mazoezi. Wakija watahini wa JKA, utapimwa kama wengine."

Nikauvaa, ule ulio chini ya mweusi. Siku za mwanzo nilisimama mstarini nimeinamisha macho, lakini kazi ilipoanza nikasahau. Bassai Dai, kata moja (mfululizo wa miondoko iliyopangwa), ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Inafunguka kwa kuruka mbele na kutua miguu ikiwa imepishana, mkono wa kulia ukikinga huku wa kushoto ukiusindikiza. Nilikuwa natua kwanza, halafu ndipo nakinga. Sensei alitaka mguu na mkono vifike pamoja, sauti moja. Wiki nzima nzima zilikwenda kwenye hatua hiyo moja, na ninashukuru, kwa sababu kasoro ile ningezeeka nayo.

Ushauri wangu kwa anayehama dojo: usingoje kuulizwa. Waandikie makao makuu ya chama kilichotajwa kwenye cheti, uwape jina na tarehe ya mtihani, uulize kama umo kwenye daftari lao.

Cheti cha pili kilipofika, kabla hata ya kusoma jina langu, nilitafuta namba. Ilikuwepo.