Petroli ya Kuweka Wapi?

Juzi mpwa wangu, akikumbushia uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulivyofungwa Mei hadi Agosti 2024, aliuliza: "Siku zile tulizokaa bure, nani alitulipa?" Nikacheka. Swali hilo Mama Mdogo alishalipeleka mahakamani zamani.

Ilikuwa injini ya mtumbwi wake wa kuvulia dagaa, iliyoharibika akaipeleka kwa fundi. Fundi aliahidi wiki moja, akakaa nayo msimu mzima, na watu wa Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, wakaapa wameiona ikisukuma mtumbwi wa mtu mwingine. Wakili wetu alichukua mauzo ya usiku mmoja mnono, akazidisha kwa siku 30, kisha kwa miezi. Chini akaongeza fidia ya adhabu, ile ya kumwadhibu mkosaji juu ya kulipa hasara. Jumla ilitutisha hata sisi wadai.

Wakili wa fundi hakupiga kelele. Alifungua daftari letu, akauliza taratibu kama anayeulizia bei.

"Mama, mbalamwezi ikikolea mnavua?"

"Hatuvui. Dagaa hawafuati taa."

"Kwa siku ngapi?"

"Wiki. Pengine na zaidi."

"Mkivua, petroli nani ananunua?"

"Mimi."

"Na wavuvi?"

"Wana mgawo wao."

"Injini ilipokuwa kwa fundi, petroli ulinunua?"

Mama Mdogo akanigeukia, kama vile jibu ninalo mimi. Karani alikuwa amesimamisha kalamu. "Petroli ya kuweka wapi, baba?"

Watu wakaangua kicheko. Wakili akasema, "Asante, Mama," akaketi. Madai yetu yalikuwa yameshakatwa zaidi ya nusu, na aliyeyakata ni mdai mwenyewe, kwa kusema kweli.

Hukumu ilifuata kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba: hulipwa hasara iliyotokana na uvunjaji wenyewe, si ya mbali. Tena hasara mahususi, ile inayodaiwa kwa kiasi kamili, lazima ithibitishwe. Tukapewa fidia ya usiku wa giza tu, gharama zikiwa zimetolewa.

Adhabu? Hakimu alisema kuvunja mkataba peke yake hakutoshi. Hutozwa afisa wa serikali anayeonea raia, au mtu aliyepiga hesabu kwamba faida ya ubaya wake itazidi fidia atakayolipa.

"Huyo wa pili si ndiye huyu?" Mama Mdogo alininong'oneza.

Nami niliona hivyo. Lakini walioiona injini kwenye mtumbwi ule, hata mmoja hakuja kutoa ushahidi. Wana injini zao, na fundi ni yuleyule. Sisi je, ilipozima tena, tulimpelekea nani? Msiniulize.