Yatima wabaki kwa bibi yao

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania waligunduliwa kwetu Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata nyumba ya mama ilijaa: watoto wa mjomba, kisha wa jirani. Mama, Mlutheri wa ibada ya kwanza, hakutuhubiria. Alisoma Yakobo 1:27, habari ya yatima na wajane katika dhiki yao, akafunga Biblia, akaenda kumenya ndizi. Sinia moja, na wadogo wanaanza.

Leo sisi akina mama wa jumuiya hatujengi kituo cha yatima. Tunataka mtoto abaki kwa bibi yake, kwenye kibanja (shamba la migomba la nyumbani) cha baba yake, asije akakuta ndugu wamekiuza. Chakula si shida sana, migomba ipo. Katika shule za serikali, ada ya msingi iliondolewa mapema, na ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa 2016, lakini sare, madaftari na viatu je? Na nauli ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa, bibi hana karatasi hata moja! (Wageni wa kupiga picha na watoto, nawaombea tu.)

Mwenye godoro la ziada aniambie kabla ya Jumapili.