Mashati 60 chini ya meza

Jumapili, usiku

Leo nimekaa na daftari la maagizo la karakana yetu ya kushona sare, la msimu uliopita, nikasoma kurasa za Desemba na Januari, na bado moyo unaniuma. Mashati 60 ya shule moja ya msingi yalikaa siku 9 chini ya meza ya ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Yameshonwa vizuri, kola zimekaa, ila hayana matundu ya vifungo. Mshonaji alijua amemaliza. Dada wa matundu hakujua kuna kitu kinamsubiri. Ujumbe ulikuwepo kwenye kundi letu la WhatsApp, umefunikwa na salamu, picha za sampuli na risiti za vitambaa. Shule zilipofunguliwa, mama mmoja alikuja na mwanawe amevaa shati la mwaka uliotangulia, mikono imepanda hadi karibu na viwiko. Hakugomba. Alisimama tu mlangoni akisubiri, nami sikuwa na la kumwambia.

Ndipo nilipoanza kutafuta programu ya kufuatilia kazi.

Wa kwanza kuja alikuwa muuzaji mmoja na kompyuta yake, grafu za rangi tele. Alituonyesha ripoti, mishahara, ghala, kila kitu, kwa bei ya dola kadhaa kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Sisi tuko 14. Nilibakiza kidogo tu nilipie mwaka mzima. Dada wa matundu, aliyekuwa akisikiliza huku anafanya kazi, akauliza: "Sasa bosi, mzigo ukifika kwangu mimi nitajuaje?" Muuzaji akarudi kwenye ripoti zake. Swali lile halikupata jibu siku ile, na tangu hapo ndilo ninalopimia kila programu.

Kwanza nikanunua kipande cha plaiwudi, nikakichora safu sita kwa chaki: Kukata, Kushona, Ovaloki, Matundu, Pasi, Kufungasha. Kila fungu la nguo likapewa kadi ya karatasi ya kaki yenye namba ya agizo na tarehe ya kutoka, ikabanwa kwa pini. Utaratibu huu ni wa Wajapani. Toyota waliusambaza viwandani mwao chini ya mhandisi Taiichi Ohno, wakauita kanban.

Siku ya tano safu ya Matundu ilikuwa na kadi 11, wakati nyingine zina mbili au tatu. Nilikaa muda mrefu mbele ya ubao ule. Novemba nilikuwa nimeongeza washonaji wawili, nikidhani kushona ndiko kunakotuchelewesha. Kumbe mashine ya matundu ni moja tu, na kadiri washonaji walivyokwenda mbio ndivyo mlima ulivyokua pale. Mzee wetu wa kukata, ambaye sote tunamwita Babu, alikuja akasimama kando yangu. "Mwanangu, nakata vya nini kama havitoki?" Tukakubaliana kadi zisizidi 4 kwenye Matundu. Zikifika 4, washonaji wanahamia kwenye pasi na kufungasha, na Babu anaweka mkasi chini.

Baada ya wiki 3 za plaiwudi, kuchagua programu hakukuwa kazi kubwa tena. Odoo ya Ubelgiji niliipenda kwa sababu inaunganisha mauzo, ghala na ankara, na toleo lake huria halina ada ya leseni, lakini linataka seva, yaani kompyuta ya kuliendesha, na mtu wa kuitunza, na mtu huyo sinaye. Trello inafanana na ubao wetu, safu na kadi, na majina ya safu unaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Toleo la bure lina kikomo cha watu 10, lakini sisi tunahitaji simu moja tu kwa kila hatua, kwa hiyo linatutosha. Nilizima data kwa makusudi, nikasogeza kadi, nikawasha tena: kadi ilikuwa pale nilipoiweka. Kwa mahali ambapo mtandao unakatika kazi ikiwa imepamba moto, hilo kwangu ni kubwa kuliko grafu zote nilizoonyeshwa.

Kilichoninyima usingizi ni majina. Orodha zetu za vipimo zina majina ya watoto, urefu wao, viuno vyao. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, hawa ni watoto wa watu. Kwa hiyo kwenye simu inaingia namba ya agizo na idadi tu. Majina na vipimo vinabaki kwenye faili, kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Ijumaa nilikuwa Kariakoo natafuta uzi wa bluu, simu ikatoa mlio. Kadi ya mashati 40 imetoka Matundu imekwenda Pasi. Dada alikuwa ameambatisha picha ya shati moja, kifungo cha juu kimepita kwenye tundu lake, na kidole chake gumba kimeonekana pembeni.

Plaiwudi bado iko ukutani. Babu hana simu janja, kwa hiyo kila asubuhi binti wa pasi anamsomea kadi kutoka kwenye simu na kumbandikia za kaki.